Maua ya Kipupwe

Somo letu la safari hii halihitaji kitabu. Linahitaji macho, kipande cha karatasi, na subira ya miezi mitatu. Tutatazama mambo yanayotokea katika nyua zetu za Ilala, Buguruni, Gerezani na Kariakoo masika yakiisha na kipupwe kikiingia, kwa maana huu ndio wakati ambao mimea hufanya vitendo vinavyowashangaza wengi. Mwembe uliokaa kimya tangu Krismasi hutoa maua, tena upande mmoja tu. Mkungu ulio kando ya barabara hugeuka mwekundu kama mti unaougua. Ua la poinsetia, lile ambalo kwenye kadi za Krismasi huchorwa jekundu kando ya theluji, kwetu huwaka mwezi wa Juni. Basi watu huuliza: ni ugonjwa? Ni mkosi? Au mti umepotewa na kalenda?

Mti haujapotewa. Sisi ndio tunaosoma kalenda iliyo ukutani, nao unasoma nyingine.

Hebu tuanze na kipupwe chenyewe. Baada ya masika ya Machi hadi Mei, upepo wa kusi hushika pwani yetu. Hutoka kusini, upande ambao wakati huo dunia imeupa jua kisogo, nao hutuletea hewa kavu na yenye ubaridi. Mwezi wa Julai joto la alfajiri Dar es Salaam huweza kushuka hadi nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Mtu wa Njombe akisikia hivyo atacheka, maana kwake hiyo ni hali ya hewa ya kutembea na shati jepesi. Lakini kwa mti wa pwani uliozoea usiku wa nyuzi 24 na 25, nyuzi 18 ni habari nzito.

Jambo la pili ni urefu wa usiku. Watoto wa shule huambiwa kwamba hapa kwetu mchana na usiku ni sawa, saa 12 kwa 12. Jibu hilo litampa mtoto alama kwenye mtihani, lakini si kweli kamili. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Tarehe 21 Juni jua letu huchomoza kama saa 12 na dakika 33 asubuhi, na kutua kama saa 12 na dakika 16 jioni. Tarehe 21 Desemba huchomoza kama saa 12 na dakika 5 na kutua kama saa 12 na dakika 36. Pigeni hesabu wenyewe: mchana wa Juni ni mfupi kuliko ule wa Desemba kwa dakika zipatazo 48. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua jambo hili bila kupiga hesabu, kwa sababu adhana ya Magharibi mwezi wa Juni huwakuta bado wanapanga bidhaa, na mwezi wa Januari huwakuta wamekwisha funga mafurushi.

Dakika 48 kwetu sisi ni muda wa kusubiri basi. Kwa mmea ni tofauti kubwa. Nalo jambo la tatu ni ukavu wa udongo, ambalo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote anayechota maji kwa ndoo.

Basi tuna wajumbe watatu: ubaridi, usiku mrefu na ukavu. Kila mti huwa na mjumbe wake anayemsikiliza zaidi, na hapo ndipo somo linapoanza kuwa tamu.

Tuchukue poinsetia. Asili yake ni Mexico, na jina lake limetokana na Joel Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa Marekani katika nchi ile, aliyepeleka miche kwao miaka ya 1820. Yale mekundu tunayoyaita maua si maua hasa. Ni majani yaliyogeuka rangi ili kuwaita wadudu. Maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya manjano vilivyo katikati. (Utomvu wake mweupe huwasha macho, kwa hiyo watoto wasiuchezee.) Mmea huu husikiliza usiku. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha, na giza lisikatike, kwa majuma kadhaa, huanza kutengeneza maua. Katika nchi za kaskazini ya ikweta usiku mrefu huja Novemba na Desemba, ndiyo maana kule imekuwa ua la Noeli. Kwetu kusini usiku mrefu huja Mei, Juni na Julai. Tena ubaridi husaidia, kwa kuwa usiku wa joto kali huuchelewesha mmea huu.

Akina mama wanaopamba kanisa wamekwisha ona matunda ya jambo hili hata kama hawakupewa sababu. Poinsetia zetu hazitusaidii Krismasi. Lakini siku za Kanisa zenye rangi nyekundu, yaani Pentekoste ikichelewa, Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, na Mitume Petro na Paulo tarehe 29 Juni, huzikuta zimewaka bila mtu kutumia hata senti moja sokoni. Krismasi tunaachiwa mti mwingine, ule mkubwa wa maua mekundu ambao asili yake ni Madagaska, na watu wetu wakauita mkrismasi kwa kuwa huchanua Novemba na Desemba. Mimi huona mgawanyo huo ni wa haki kabisa.

Waliogundua siri hii ya usiku walikuwa wataalamu wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, ambao walitoa taarifa yao mwaka 1920. Walikuwa na aina ya tumbaku iliyorefuka mno shambani kiangazi chote bila kutoa ua, kisha ikichanua ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi. Wakadhani ni baridi. Wakajaribu hili na lile. Mwisho wakajenga kibanda cha giza, wakawa wanaiingiza tumbaku humo alasiri na kuitoa asubuhi, huku nje ni kiangazi cha joto. Ikachanua. Kwa hiyo haikuwa baridi, ilikuwa urefu wa giza. Baadaye watafiti walikuta ndani ya majani kuna rangi maalumu inayobadilika inapoguswa na mwanga, nayo ndiyo saa ya mmea.

Nimelieleza jambo hili kirefu kwa sababu limewahi kuharibu ujirani hapa hapa kwetu. Katika nyumba moja ya wapangaji wengi, ambayo sitaitaja, kulikuwa na poinsetia mbili zilizopandwa siku moja kutoka shina moja. Moja ilikuwa nyuma karibu na jiko, nyingine mbele karibu na mlango. Ile ya nyuma ilikuwa inawaka kila mwaka. Ile ya mbele nayo iliwaka miaka miwili, kisha ikaacha, ikabaki majani matupu, tena mazuri, ya kijani yenye afya. Chumba cha mbele alikuwa akikaa bibi mmoja mjane. Maneno yakaanza kidogo kidogo: bibi huyu ana kijicho, bibi huyu humwaga kitu kwenye shina usiku, mbona cha kwake hakichanui na chetu kinachanua? Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, lakini alichoka kusuluhisha. Mimi niliitwa kama mwalimu mstaafu, nije niseme kama udongo una sumu.

Nilikwenda mchana, sikuona kitu. Nikarudi saa 2 usiku, nikaona. Juu ya mlango wa mbele paliwekwa taa kubwa ya ulinzi baada ya wizi wa pikipiki, nayo iliwaka kuanzia magharibi hadi alfajiri. Ule mti haukuwa umeona usiku kwa mwaka mzima. Nikawaambia wachukue kipande cha bati na kukizuia kwenye mti upande wa taa, tangu Machi. Walifanya hivyo, ingawa kwa shingo upande, na bati lenyewe lilikuwa fupi. Mwezi wa Julai uliofuata matawi yote yaliyokuwa katika kivuli cha bati yalikuwa mekundu, na matawi mawili yaliyochomoza juu ya bati yakapata mwanga wa taa yalibaki kijani. Mti mmoja, shina moja, udongo mmoja, bibi yule yule. Hapakuwa na haja ya maelezo zaidi. Ila bibi mwenyewe alikuwa amekwisha hama tangu Mei, akaenda kukaa kwa mwanawe huko Kigogo, akisema hawezi kulala mahali anapohesabiwa hatua akienda msalani. Mwenye nyumba alimfuata kumwomba radhi. Alizipokea radhi, lakini hakurudi.

Sasa tuuendee mwembe, ambao ndio mti wenye kesi nyingi zaidi mjini. Kila mwaka naulizwa swali moja: "Mwalimu, mwembe wangu mkubwa hivi, mbona hauzai? Niukate?" Nami hujibu kwa swali: mwezi wa Mei majani yake yalikuwa rangi gani?

Mwembe husikiliza ubaridi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 20 kwa majuma kadhaa, vichipukizi vilivyo ncha ya matawi hugeuka kuwa maua badala ya majani. Ndiyo maana maua ya maembe ya pwani yetu hutoka Juni hadi Agosti, na maembe yenyewe, dodo, bolibo, sindano na mengineyo, hujaa Kariakoo kuanzia Novemba hadi Januari. Lakini tawi haliwezi kuitikia ubaridi kama majani yake bado ni machanga. Masika yakiwa marefu, au kama bomba la maji limepasuka karibu na mizizi, mti hutoa majani mapya ya rangi ya shaba mwezi wa Aprili na Mei. Kipupwe kikifika hukuta tawi hilo halijakomaa, nalo hukaa kimya. Tawi jirani ambalo majani yake ni ya miezi minne au mitano, magumu na ya kijani kibichi, huchanua. Hapo ndipo mnapoona upande wa Mashariki umechanua na wa Magharibi haukuchanua, na majirani wakaanza kusema mti umerogwa nusu. Vile vile tawi lililozaa sana mwaka jana hupenda kupumzika mwaka huu. Anayetaka mwembe wake uchanue asiunyweshe maji mwezi wa Mei na Juni. Auache uone kiu kidogo. Huruma ya ndoo ya maji wakati huo ndiyo inayomnyima maembe.

Katika Ufilipino wakulima wa zamani walikuwa wakikoka moto wa majani mabichi chini ya miembe, moshi uifukize kwa siku kadhaa mpaka ichanue. Ilionekana kama ushirikina, lakini ndani ya moshi mna hewa iitwayo ethilini ambayo kweli huamsha maua. Miaka ya 1970 mtaalamu wa huko, Ramon Barba, alionyesha kwamba kunyunyizia maji yenye naitreti ya potasiamu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kilimo cha maembe cha nchi ile kikabadilika. Tafadhali wasomaji wa Ilala msikoke moto nyuani. Nyumba zetu zimebanana na waya za umeme ziko chini.

Kuna miaka ambayo mvua za mchoo huja katikati ya kipupwe, mwezi wa Julai au Agosti, na maua ya mwembe yakawa meusi na kupukutika. Huo ni ugonjwa wa chule, unaoletwa na kuvu wapendao unyevu. Mkorosho nao, unaochanua majira hayo hayo, hupata ubwiriunga: maua hufunikwa na unga mweupe kama yaliyopakwa majivu, kwa sababu usiku wa ubaridi na umande wa alfajiri huufaa sana ugonjwa huo. Wakulima wa Mtwara na Lindi hupambana nao kwa unga wa salfa, ambao watafiti wa kituo cha Naliendele wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Kwa mwenye mkorosho mmoja nyumbani salfa haina maana. Akate matawi yaliyofungamana, jua na upepo vipite.

Mkungu nitaupitia upesi. Majani yake makubwa huwa mekundu kisha huanguka, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, wakati wa ukavu. Mti unavuta chakula chake kutoka katika jani kabla ya kuliachia, rangi ya kijani inaondoka, na nyekundu inaonekana. Haufi. Baada ya majuma machache utakuwa na majani mapya yanayong'aa. Msufi nao hupukutika wakati wa ukavu na kuchanua matawi yakiwa wazi, ili popo wayaone maua yake usiku bila majani kuwazuia. Nimeona miti mizuri miwili mtaani ikikatwa kwa sababu tu ilivua majani, na mwenye shoka alidhani anatoa mzoga. Kabla hujakata, kwarua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, weka shoka chini.

Hadi hapa tumesema habari za ubaridi wa pwani. Lakini nchi yetu inao ubaridi wa namna nyingine, nao huja hadi Ilala ndani ya magunia.

Mwaka 1983 nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja ya msingi wilayani Makete. Mimi mtoto wa pwani nilikuwa nimesoma neno sakitu katika kitabu, lakini sikuwa nimeikanyaga. Asubuhi moja ya Julai nilitoka nje nikakuta nyasi zote nyeupe, nikadhani mtu amemwaga chokaa. Nilipoweka mguu zikalia kama karatasi. Jua lilipopanda saa 3, weupe ukayeyuka, na maboga ya mpishi wa shule yakaanza kulegea mbele ya macho yetu. Kufika adhuhuri yalikuwa meusi kama mboga iliyochemshwa. Kabichi zilizokuwa hatua kumi kutoka hapo zilisimama kama hazikusikia lolote.

Sakitu ni mvuke wa maji ulioganda juu ya majani na ardhi usiku. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku huliachia juu. Mbingu zikiwa na mawingu, hayo huwa kama blanketi. Mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, joto lote huondoka. Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda, barafu huvichana na kuvikausha vijumba vidogo vinavyolijenga jani, na linapoyeyuka halina tena kitu cha kulisimamisha. Boga, maharage, mgomba na kiazi hufa majani. Kabichi na njegere huvumilia, kwa kuwa mimea ya aina hiyo, baridi ikiingia polepole, huongeza sukari katika maji yake, na maji yenye sukari hayagandi upesi.

Wazee wa kule walinifundisha jambo lililonishangaza zaidi: sakitu hupiga bondeni kabla ya mlimani. Sisi hudhani ukipanda juu zaidi utapata baridi zaidi, na kwa safari ndefu ni kweli. Lakini kwa usiku mmoja uliotulia, hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kando ya kilima kama maji na kujaa bondeni. Na hapo bondeni ndipo wakulima wa Njombe na Iringa walipo na vinyungu vyao, bustani za kiangazi zinazolimwa kwenye udongo wenye unyevu wakati mashamba ya juu yamekauka. Unyevu uko chini, na sakitu iko chini. Mkulima hawezi kupata kimoja bila kuhatarishwa na kingine. Kiazi chenyewe kilicho chini ya udongo hakifi, lakini majani yakiteketea kinakoma kukua. Kwa hiyo mama muuza chipsi wa Ilala akifungua gunia la viazi mwezi wa Agosti akakuta vidogo kama ndimu, asimlaumu dereva wala dalali peke yao. Aulize kwanza kama kule Makete mbingu zilikuwa wazi mwezi wa Julai. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kila mwaka kabla ya Juni kuanza, na nyanda za juu kusini hutajwa humo kwa jina.

Jambo hilo la bonde na mlima liliandikwa zamani na kasisi mmoja wa kanisa letu, Gilbert White, wa kijiji cha Selborne huko Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1720 na kufa mwaka 1793. Alianza kuandika daftari la bustani yake mwaka 1751: alipanda nini, kilichanua lini, ndege gani amefika. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 40. Desemba 1784 ilikuja baridi kali mno. Kipimajoto chake kilichokuwa kijijini bondeni kilionyesha baridi kubwa kuliko kipimajoto cha jirani yake aliyekaa juu ya kilima. Hakuamini. Alishuku kwamba kimoja ni kibovu. Basi vipimo viwili vikawekwa pamoja, vikasoma sawasawa. Na baridi ilipopita, vichaka vyake vya bustani vilikuwa vimeungua, na vya jirani wa kilimani havikupoteza hata jani. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1789 na hadi leo kinasomwa. Nilimkumbuka sana mzee yule nilipokuwa Makete, ingawa wakulima wa kule hawakumhitaji ili walijue jambo hilo.

Si kila mmea unaichukia baridi. Pareto, lile ua jeupe la dawa ya wadudu linalolimwa katika nyanda hizo hizo, haliwezi kuchanua vizuri bila kupata majuma mawili hivi ya ubaridi chini ya nyuzi 16. Ukileta mche wake Ilala utapata majani ya kutosha, na ua utalisubiri. Vivyo hivyo tofaa na pichisi: watu hupanda kokwa hapa mjini, mti unaota, unarefuka, na miaka inapita. Hauna ugonjwa. Unangoja baridi ambayo haitakuja.

Na juu ya Makete ipo Kitulo, uwanda ulio kama mita 2,600 juu ya bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, nao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mwezi wa Julai ukipita pale utaona nyasi zilizoungua kwa sakitu na kudhani mahali pale pamekufa. Maua yako chini. Okidi za ardhini, aina zipatazo 45, hujificha katika viazi vyake vidogo mpaka mvua za Novemba, kisha kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda wote hubadilika rangi. Sakitu haizipati huko chini. Jembe ndilo lililozipata: viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda ule ulindwe.

Kilimanjaro hali ni kali zaidi, kwa maana karibu na kilele sakitu huja karibu kila usiku na jua kali huja karibu kila mchana. Lobelia kubwa za huko hufunga majani yake jioni kama mtu anayejikunyata, zikalilinda chipukizi la katikati, na asubuhi hufungua.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Watu wa Kyoto, Japani, wanazo kumbukumbu za siku ambayo miti yao ya cheri ilichanua tangu karne ya 9, zilizoandikwa na watawa na watumishi wa mfalme ambao hawakuwa na kifaa chochote ila wino. Kwa sababu hiyo mwaka 2021, cheri zilipofikia kilele tarehe 26 Machi, waliweza kusema kwamba haijawahi kuwa mapema hivyo kwa miaka 1,200. Hapa kwetu tunasikia kila siku kwamba majira yamebadilika, masika hayaji kama zamani, maembe yanawahi, maembe yanachelewa. Huenda ni kweli. Lakini mwulize anayesema hivyo: mwembe wa baba yako ulichanua tarehe ngapi mwaka 1990? Atakutazama tu. Hata bustani ya mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, watu hupita kando yake kila siku wakienda Kivukoni bila kuinua macho.

Kwa hiyo kila nyumba ichague mti mmoja, wa kwake au wa mtaani. Andikeni jina la mti, mtaa, na kama kuna taa karibu. Kila Jumapili jioni mwandike mambo manne tu: kuna majani mapya au hakuna, yameanguka au hayakuanguka, kuna maua au hakuna, na upande gani, wiki hiyo ilinyesha au haikunyesha. Msiandike mnavyodhani, andikeni mlivyoona. Kama hamkuutazama mti wiki hiyo, acheni nafasi wazi, msijaze kwa kubahatisha. Mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari anaitambua kazi iliyojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja. Wenye ndugu Njombe, Makete au Mbeya wawaombe kwa simu tarehe ya sakitu ya kwanza na ya mwisho, na kama ilipiga bondeni au hata mlimani.

Darasa la Kipaimara litakusanya karatasi Jumapili ya mwisho ya Septemba, kisha tutazibandika ukumbini kufuatana na mitaa. Wenye poinsetia nawaomba waeleze jambo moja zaidi: hatua ngapi kutoka kwenye mti hadi kwenye taa iliyo karibu, na taa hiyo huzimwa saa ngapi.